Mwali Kwenye Machela

Ninyi mnaofunga skafu na kupuliza filimbi, na ninyi walimu wapya mnaonung'unika kupangiwa vijijini, sogeeni hapa. Mjukuu wangu ameniambia niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau. Nimemjibu kwamba sijasahau kitu, ila nachagua cha kusema. Nimefundisha Handeni na Korogwe tangu bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya mlingoti, mpaka magoti yaliponigomea, na karibu muda wote huo nilikuwa pia kiongozi wa skauti wa kike. Mkitaka sifa za kazi hiyo, watafuteni wengine, wapo wengi na wanazijua. Mimi kuna jambo linaniuma, nalo linahusu machela.

Basi tuanze na machela yenyewe, maana nimewaona mwaka jana uwanjani mkimbeba mwenzenu kama gunia la mahindi na nikaona aibu. Tafuta miti miwili minyoofu, mirefu kuliko mgonjwa, isiyoliwa na mchwa. Chukua magunia mawili, toboa pembe za chini, pitisha miti ndani yake. Kama hakuna gunia, funga kanga mbili, lakini fundo liwe chini, lisimchome mtu mgongoni. Kisha ijaribu kwanza kwa kumlaza msichana mzito mwenye kelele, ili kama kuna kasoro muisikie mapema. Wabebaji wasitembee kwa mguu mmoja kama askari, mgonjwa atarushwarushwa. Kila mmoja aende kwa hatua yake.

Haya nilifundishwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuja chuoni kwetu Korogwe kutufunza uskauti. Sisi tulimwita Mama Mluzi, kwa sababu aliamini hakuna tatizo duniani ambalo mluzi hauwezi kulimaliza. Alitufundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, akashindwa mwenyewe, akapiga mluzi. Lakini alikuwa na neno moja ambalo nimelishika maisha yangu yote: mtoto wa kike usimpe amri, mpe kazi. Ukimpa amri atakutii leo. Ukimpa kazi, kesho utamkuta ameifanya kabla hujaamka.

Uhuru ulipokuja tulibadilisha maneno ya ahadi. Kabla yake wasichana waliahidi kumtumikia Mungu na Malkia, na sasa Malkia akatolewa, ikawekwa nchi. Siku ya kuwafundisha maneno mapya, mtoto mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na huyo Malkia ameshaambiwa?"

Nilimjibu kwamba ameambiwa na amekubali. Sijui nilikuwa nasemea nani, lakini mtoto aliridhika, tukaendelea.

Nilipelekwa kufundisha katika kijiji cha ndani huko Handeni, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake wapo. Mimi nimezaliwa Magoma, Msambaa wa bondeni na Mkristo, na pale nilikuwa kati ya Wazigua Waislamu ambao walinipokea vizuri sana na hawakuniamini hata kidogo. Si kwa ajili ya dini. Walikuwa wanashangaa mwanamke anayewachukua binti za watu kwenda nao porini na kurudi nao jioni wakiwa wanaimba. Wanaenda kufanya nini? Kama ni kuni, ziko wapi kuni?

Kosa langu la kwanza pale lilikuwa la kijinga, na mlisikie ili msilirudie. Niliandaa mchezo wa kufuata nyayo. Tuliweka alama njiani: mshale wa vijiti, jiwe juu ya jiwe, na kwenye njia panda rundo la majani limefungwa kwa kamba ya mgomba, maana yake pinda kulia. Wasichana walicheza wakafurahi, tukaenda zetu bila kuzifuta. Asubuhi watu waliokuwa wanakwenda shamba walifika njia panda, wakaona majani yaliyofungwa juu ya mawe, wakageuza. Nani atavuka dawa ya mtu? Kijiji kizima hakikulima siku ile. Waliketi majumbani wakijiuliza ni nani ametegwa.

Mchana alikuja shuleni mwanamke mrefu, mkavu, kajifunga kaniki, anatembea kama mwenye shule ni yeye. Alikuwa Bi Mwamvua, kungwi wa pale, yaani yule anayewafunda wasichana wakishavunja ungo.

"Mwalimu, shikamoo hatupeani, sijui nani mkubwa," akasema. "Nimekuja kuuliza. Umetufungia njia kwa sababu gani?"

Nikamweleza. Nikamchorea mshale chini, nikamwonyesha jiwe juu ya jiwe. Alisikiliza bila kupepesa macho, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Kwa hiyo watu wazima wameshinda na njaa kwa ajili ya mchezo wa watoto! Njoo, twende ukayatoe mwenyewe, na wakuone ukiyatoa. Mimi nitatangulia kuvuka."

Tulikwenda. Alivuka ile njia panda akirudi na kwenda, kanga yake begani, huku wazee wakichungulia kutoka kwenye migomba. Tangu siku ile tukawa marafiki. Na walimu wapya mnisikilize hapa: ukifika kijijini usianze na mwenyekiti wala katibu. Hao watakujia wenyewe. Ulizia ni mwanamke gani akisema jambo wengine hunyamaza, halafu nenda kamsalimie.

Bi Mwamvua hakuwahi kuniambia mambo ya ndani ya kazi yake, nami sikuuliza. Mimi sikuchezwa ngoma ya kwao. Wasichana walipokuwa wakifundwa nilisikia ngoma kutoka kwangu, na nikikaribia nyimbo zilibadilishwa. Hiyo ndiyo heshima. Lakini tulizungumza sana juu ya wasichana wenyewe, yupi ana akili, yupi ana kiburi kizuri, yupi anaogopa baba yake. Alikuwa anawajua kuliko mimi niliyekuwa nao darasani.

Zama za ujamaa zikaingia, shule ikapata shamba la pamba na mabanda ya kuku, na akaja kijana mmoja wa Chama akaniuliza kwa nini wasichana wanavaa skafu za kikoloni. Nikamwambia njoo shambani utuone. Alikuja akawakuta wamejipanga mistari, wanapalilia kwa wimbo, filimbi moja ya kuanza na moja ya kupumzika. Akaondoka anasema ni mfano wa kujitegemea. Skafu zikabaki. Mama Mluzi angefurahi, ila alikuwa amesharudi kwao.

Sasa nije kwa Zaina, binti ya Mzee Mhina. Zaina alikuwa kiongozi wa kikosi changu na wa kwanza darasani, mtoto mwembamba mwenye sauti nzito, akisema "simameni" hata mbuzi walisimama. Alikuwa darasa la saba. Kutoka shule yetu hakuna msichana aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba Zaina atakwenda ile ya bweni kule Korogwe. Naye alijua. Alikuwa ameshaanza kuuliza kama bwenini wanaruhusu kulala na taa.

Mwezi wa mtihani ulipokaribia, Zaina akavunja ungo, akawekwa ndani.

Kwa wasiojua: mwali akiwekwa ndani, kwa desturi ya pale, hapigwi na jua, haonwi uso na mwanamume, na mguu wake haugusi njia ya watu mpaka siku anapotolewa kwa ngoma. Siku hiyo huoshwa, huvikwa, kungwi huimba wimbo wa kumtoa na wanawake humwitikia, na hapo ndipo anahesabiwa mtu mzima. Kukaa ndani huchukua miezi. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache.

Nilikwenda kwa Mzee Mhina nikiwa nimejiandaa kwa hoja, nimezipanga kama vitabu. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sina neno na shule," akasema. "Lakini mwali si wangu. Mwali ni wa kungwi mpaka atakapotoka. Kamwone Mwamvua. Akisema ndiyo, mimi nitasema ndiyo."

Nikaenda kwa Bi Mwamvua. Alikuwa anachambua choroko.

"Huo mtihani wenu hauwezi kungoja?"

"Serikali haingoji, Bi Mwamvua."

"Na ngoma haingoji." Aliendelea kuchambua. "Nikimtoa sasa, hajaiva. Nikimwacha atembee njiani, nimevunja kazi ya mama yangu na ya bibi yangu. Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui," akasema, bila hasira. "Lakini acha nikuambie. Nimewatoa wali wengi hapa. Wazuri, wenye akili. Wote nikiwaona leo wako kwenye jembe na mimba, na mama zao walikuwa hivyo hivyo. Huyu mmoja nataka kuona atafika wapi. Mguu wake usiguse njia tu. Uso wake usionekane. Mkiweza hilo, nami naweza."

Mguu usiguse njia. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, kwa maana hilo ndilo jambo kikosi changu kilikuwa kinalijua kuliko yote. Niliwaita wasichana nikawapa kazi, si amri. Kesho yake machela ilikuwa tayari, miti ya mkwaju, magunia ya pamba, vifundo chini.

Siku ya mtihani walimbeba Zaina kutoka kwao, amelala chali, amefunikwa kaniki kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Wabebaji wanne, wengine ubavuni, mimi mbele, Bi Mwamvua nyuma. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu Bi Mwamvua alikataza kelele. Nami nikawa nimesahau jambo ambalo hata mtoto angelikumbuka: kijijini kwetu kitu cha urefu wa mtu, kimefunikwa nguo, kimebebwa mabegani kwa ukimya, kina jina moja tu.

Mwanamume wa kwanza tuliyekutana naye alishuka baiskeli, akavua kofia. Wa pili akaacha jembe lake kando ya njia akajiunga nyuma, midomo inatembea kwa dua. Tulipofika karibu na shule tulikuwa na msafara. Mzee mmoja alinisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, ni nani? Tumeanza kuchimba kaburi?" Wasichana walikuwa wameuma midomo wasicheke, machela inatikisika.

Tukaingia uwanjani. Maiti akaketi, bado kajifunika, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mwalimu, penseli yangu nani anayo?"

Watu walikimbia. Yule mzee aliyeuliza habari ya kuchimba alikimbia kuliko vijana.

Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja kutoka Handeni mjini, alikataa kwanza. Alisema atajuaje ni nani aliye ndani ya nguo. Bi Mwamvua akamwambia atakaa mlangoni yeye mwenyewe, na kama anayeandika si Zaina basi wamchukue yeye polisi. Bwana yule akamtazama, akaona heri akubali tu. Zaina akaandika mtihani wake wote chini ya kaniki, amefungua nafasi ya kuona karatasi tu, na jioni tukambeba kumrudisha. Akafaulu. Akachaguliwa.

Kisa hiki nimekisimulia kambini mara nyingi. Moto umewaka, chai ya mchaichai inapita, nikifika kwenye "penseli yangu nani anayo" wasichana wanagaragara chini. Nilihamishiwa Korogwe baada ya matokeo yale, nikapewa vikosi vingi nivisimamie, na kila mahali walitaka nisimulie habari ya maiti aliyefanya mtihani. Nilikuwa naipenda. Ilikuwa na mwisho mzuri, kwani Zaina alimaliza sekondari akawa mkunga, akaolewa, akajenga Manundu, pale Korogwe, na akikutana nami sokoni ananibebea kikapu.

Sikujua kwamba kisa kilikuwa na upande mwingine. Niliujua miaka mingi baadaye, nilipokwenda Handeni na kikosi kwa ajili ya kambi. Wakati huo operesheni ya vijiji ilikuwa imepita, lori zilishawachukua watu wa kijiji kile pamoja na vitanda na kuku wao, wakapangwa upya kwa mistari kando ya barabara. Niliulizia nyumba ya Bi Mwamvua. Walinionyesha ya mwisho kabisa, karibu na pori, na aliyenionyesha hakunisindikiza.

Nilimkuta amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Alinitambua kwa sauti. Nilimuuliza habari za kazi, akasema kazi gani.

Ndipo aliponieleza. Baada ya siku ile wanawake walikataa kumpigia Zaina ngoma. Walisema mwali aliyebebwa kama maiti ameshazikwa, hatolewi tena. Mvua ikachelewa mwaka ule, mtoto wa jirani akafa kwa surua, na yote yakawekwa mlangoni kwake. Zaina akaenda shule bila kutolewa, wala hakuwahi kunigusia. Tangu hapo hakuna mama aliyempeleka binti yake kwa Bi Mwamvua. Walimleta kungwi mwingine kutoka kijiji cha mbali, na nyumba ile ya mwisho karibu na pori walimpa si kwa bahati mbaya.

"Ulikuwa umeshahamishwa," akasema. "Ungefanya nini?"

Nililia mbele yake. Yeye hakulia. Aliuliza Zaina anafanya kazi gani, nikamwambia mkunga. Akarudia neno lile taratibu, mkunga.

"Basi niletee," akasema. "Yule bado ni mwali wangu. Nimtoe, nipumzike."

Nilifikiri Zaina atacheka, mwanamke mzima, mama wa watoto, anayevaa gauni jeupe la hospitali. Hakucheka. Aliomba ruhusa kazini, akanunua kaniki mpya na kanga za kumpa kungwi wake, tukapanda basi la Handeni asubuhi.

Bi Mwamvua alikuwa amefagia. Alikuwa amewapelekea wanawake habari kwamba leo anamtoa mwali, waje waitikie. Tulingoja, jua likapanda. Hakuja mtu isipokuwa mkwe wake, mke wa mwanawe, naye alikaa mlangoni, hakuingia. Mwisho Bi Mwamvua akasema hawa hawaji, tuanze. Akamwosha Zaina uso na miguu, akamvika, akamketisha mkekani. Kisha akaanza wimbo.

Nilitaka kutoka nje, akanishika mkono nikae. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, sauti imekauka lakini imenyooka. Halafu akasimama. Akarudi mwanzo, akafika pale pale, akasimama tena.

"Umenitoka," akasema. "Siku nyingi sijauimba. Mwalimu, wewe hukuwahi kuusikia?"

Sikuwahi. Miaka yote ile nilikaa mbali kwa heshima, na sasa heshima yangu haikumsaidia kitu. Mkwe wake aliinamisha kichwa, yeye ni wa kwingine, hakuujua. Zaina alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka juu ya kanga mpya.

Jirani, nyuma ya ua wa miti, mwanamke alikuwa anatwanga. Bi Mwamvua aliimba tena ile mistari miwili, safari hii kwa nguvu, amegeuza uso upande wa ua. Mchi ukanyamaza. Tulisubiri sote, kwa sababu yule mwanamke aliujua wimbo, alitolewa nao, na Bi Mwamvua ndiye aliyemtoa. Kisha mchi ukaendelea.

"Haya," akasema Bi Mwamvua. "Mtarudi. Labda wimbo utanirudia."

Alifariki kabla ya masika. Nasikitika, wanangu, sina namna nyingine ya kulisema. Tulimtoa msichana mmoja kwenye jembe, na mwanamke aliyemruhusu apite alifungiwa njia maisha yake yote, nami nilikuwa Korogwe nawachekesha watu. Bado nawafundisha kufunga machela, na bado nasema mpelekeni mtoto kwenye mtihani hata kwa mabega. Lakini mkirudi, msiende zenu. Kaeni mwone nani amebaki nyuma na watu wanamtazamaje.

Zaina sasa ana wajukuu. Mwaka huu alialikwa kwenye ngoma ya kumtoa binti wa mpwa wake, nami nilikuwepo. Wimbo ulipoanza, wanawake wote waliotolewa wakainuka kucheza, kama desturi inavyotaka. Zaina alibaki ameketi karibu na wasichana wadogo. Mtoto mmoja akamvuta mkono, "Bibi, inuka!"

"Siwezi, mama," akasema. "Mimi bado sijatoka."